Uzi: Kuvuta picha karibu kwenye OBS bila kumshtua mtazamaji (tunarusha bao mubashara)

#1 MtaaWaBao

Wakuu, habari za jioni.

Sisi ni vijana wa maskani moja hapa Unguja. Kila Ijumaa baada ya Isha tunarusha mechi za bao mubashara YouTube. Tulianza kwa mzaha na simu moja juu ya stendi, watu wakanogewa, sasa wanatuulizia hata siku haijafika. Tukachangishana, tukapata kamera ya zamani yenye HDMI. Tumeifunga kwenye bomba la chuma linalotoka ukutani, inatazama bao kwa juu, wima kabisa. Inaingia kwenye laptopu kwa kile kidude cha bei rahisi cha HDMI kwenda USB. Pembeni kuna kamera ndogo ya USB inayochukua nyuso za wachezaji. Laptopu ni i5, RAM 8GB, haina kadi ya picha ya kwake. Programu ya kurushia ni OBS Studio.

Bao letu, kama mnavyojua, lina mashimo 32 na kete 64. Mtu anayetazama kwenye simu akionyeshwa bao zima hawezi kuhesabu kete zilizo shimoni, na bao bila kuhesabu unatazama nini sasa? Nikatengeneza sini tatu (yaani mipangilio ya picha ninayobadilisha hewani): BAO ZIMA, KARIBU na WACHEZAJI. KARIBU ni kamera ile ile ya juu, nimeitanua tu.

Yanayonikuta ni haya. Nikitoka BAO ZIMA kwenda KARIBU, skrini inakuwa nyeusi karibu sekunde nzima, na siku nyingine picha hairudi kabisa mpaka nifunge programu. Nikiweka mpito wa Fade, kete zote zinakuwa mapacha, kama mtu kavua miwani. Halafu picha ya KARIBU yenyewe ina ukungu. Nataka picha isogee taratibu kuelekea kwenye nyumba, lile shimo kuu la mchezaji, kama jicho la mtu aliyeinama kutazama. Inawezekana kwa vifaa hivi au nimejipalia makaa?

#2 LainiMbili

Nakaa hapa na kahawa yangu. Bao mubashara! Tupieni na linki basi.

#3 fundi_mitambo

Mkuu MtaaWaBao, hongereni sana. Mimi ni mtu wa mitambo kanisani huku Mwanza, huo weusi nilipigana nao mwaka mzima, kwa hiyo nianze nao.

Ulipotengeneza KARIBU, bila shaka ulibonyeza alama ya kujumlisha ukaongeza kamera upya, ukaipa jina jingine. Hapo OBS inajua ina kamera mbili, kumbe kifaa ni kimoja. Kwenye Windows kifaa kimoja cha namna hiyo kwa kawaida hakikubali kufunguliwa mara mbili. Anayewahi anakipata, wa pili anabaki na giza. Ndiyo maana siku nyingine hairudi.

Futa kamera iliyo ndani ya KARIBU. Ongeza tena, ila safari hii chagua "Add Existing" na uiteue ile ile iliyomo BAO ZIMA. Sini mbili, chanzo kimoja.

Kisha fungua mipangilio ya kamera hiyo uangalie kisanduku cha "Deactivate when not showing". Kikiwa na tiki, kamera inazimwa kila isipoonekana na kuwashwa ikihitajika, na kuwaka kwake ndiyo hiyo sekunde yako. Toa tiki. Fanya hivyo hivyo kwa kamera ya nyuso.

Ukiwa umo humo humo, angalia aina ya picha inayotoka kwenye hicho kidude. Vingi vya bei hiyo ni vya USB 2.0. Ukivitaka 1920x1080 kwa YUY2 vinakupa fremu chache mno, inakuwa kama picha za mnato. Chagua MJPEG. Na ile "4K" iliyoandikwa kwenye boksi maana yake kinakubali kuingiziwa 4K, kinachotoka upande wa pili ni 1080 tu. Usiumie moyo.

#4 MtaaWaBao

Mkuu fundi_mitambo, Mungu akuweke. Weusi umekwisha palepale, na tiki nimeikuta kweli.

Wamebaki mapacha na ukungu.

#5 Mchambuzi77

Achaneni na hizo za bure. Chukua programu ya vMix, ina mpito unaitwa Merge, unasogeza picha kutoka ukubwa mmoja kwenda mwingine bila plagini (nyongeza ya programu) yoyote. Au nunua ATEM Mini, kile kisanduku cha kubadilishia kamera, unabonyeza vitufe kama uko studio.

#6 dadaMhariri

Mchambuzi77, vMix ni nzuri sikatai, mimi naitumia kwenye harusi za watu wenye bajeti. Ila hawa wamechangishana kununua kamera ya mtumba, wewe unawapeleka dukani tena? Na ATEM Mini inabadilisha kamera moja kwenda nyingine. Shida ya huyu kaka ni kamera moja kwa ukubwa mbili tofauti, hapo vitufe havimsaidii.

Kaka MtaaWaBao, njoo huku. Fade inachanganya picha mbili: ya kwanza inafifia huku ya pili inapanda. Katikati ya safari zote mbili zinaonekana nusu nusu. Zikiwa picha za vitu tofauti jicho linasamehe. Wewe unachanganya bao na bao lile lile lililotanuliwa, lazima uone mapacha. Hiyo ndiyo kazi ya Fade, haijaharibika.

Unachohitaji ni plagini inayoitwa Move, ya mtu anayejiita Exeldro. Ni ya bure, inapatikana kwenye ukurasa wa plagini wa tovuti ya OBS yenyewe. Ukiisakinisha, kwenye orodha ya mipito utaona jina Move. Inafanya hivi: inaangalia sini unayotoka na unayokwenda, inatafuta vyanzo vilivyomo kwenye zote mbili, kisha inavisogeza kutoka nafasi na ukubwa wa kwanza mpaka wa pili. Kwa kuwa umeshatumia chanzo kimoja kwenye sini zote mbili kama ulivyoelekezwa hapo juu, kazi yako imebaki kuchagua Move na kupanga muda.

Kuhusu muda sikiliza. OBS inakuja na milisekunde 300. Kwa Fade inatosha, kwa kusogeza picha ni kama kumsukuma mtu. Anza na 800. Kwenye mwendo chagua uanze pole na uishie pole, pande zote mbili, maana mwendo wa kasi moja mwanzo hadi mwisho unaonekana kama roboti.

Kitu kimoja kinawatesa wengi: ubao wenu wa matokeo na majina ya wachezaji viweke kwenye sini zote mbili, mahali pale pale, kwa "Add Existing" vilevile. Move ikikuta chanzo hakijahama inakiacha kimetulia. Ukikisahau upande mmoja, kitaruka nje ya skrini kila unapovuta picha, watu wataona maandishi yanakimbia kama panya.

#7 MtaaWaBao

Dada, nimejaribu usiku huu na bao tupu. Nimemwita hadi mama aje aone. Linasogea kama maji!

Ukungu sasa.

#8 fundi_mitambo

Ukungu ni hesabu. Kamera yako inatoa pikseli 1920 kwa 1080, na turubai la OBS (fremu inayopangiwa picha) nalo bila shaka ni 1920 kwa 1080. Ukivuta mara mbili, unachoonyesha ni kipande cha 960 kwa 540 kilichotandazwa skrini nzima. Pikseli nyingine OBS inazibuni.

Tiba ya mtu mwenye kamera ya 4K ni rahisi, anavuta mara mbili bila kupoteza chochote. Sisi wengine tunashusha turubai. Nenda kwenye mipangilio ya picha, ukubwa wa turubai uwe 1280 kwa 720. Kamera iache 1080 kama ilivyo. Sasa BAO ZIMA ni picha kubwa iliyobanwa kwenye fremu ndogo, kwa hiyo una akiba: unaweza kuvuta mara 1.5 kabla hujaanza kubuni pikseli hata moja. Anayetazama kwa simu hataona tofauti ya 720 na 1080, laptopu yako itapumua, na bando litakushukuru.

Tukiligeuza kuwa bao: kama bao linachukua pikseli 1600 za upana wa kamera, kila shimo lina 200. Kwenye turubai la 720, picha pana inalipa shimo kama 133. Ukivuta 1.5 linapata 200 zake zote kama zilivyotoka kwenye kamera. Hapo kete utazihesabu.

Badilisha turubai kwanza ndipo upange vitu, la sivyo utapanga mara mbili.

#9 Mombasani_

Mimi nitakuwa mpinzani kidogo. Mbona mpira kwenye runinga hawasogezi picha hivi? Wana kamera kumi, wanakata, basi. Picha inayoelea elea inachosha macho bwana. Weka simu ya pili juu ya bao imekaribia, ukate. Kukata ni safi.

#10 dadaMhariri

Mombasani_, kwenye kwenda WACHEZAJI nakubaliana na wewe, kata. Kamera nyingine, pembe nyingine, kusogeza hapo hakuna maana. Lakini kwenye bao lenyewe ukikata kutoka zima kwenda kipande, mtazamaji anapoteza sekunde nzima akijiuliza hili ni shimo la ngapi. Mashimo yanafanana! Uwanja wa mpira una goli, una mistari. Bao ukilikata vipande mtu anapotea. Mwendo ndio unaomwonyesha alipotoka.

Kaka, ili upate zote mbili kuna plagini nyingine ya Exeldro huyo huyo inaitwa Transition Table. Unaiambia: kutoka BAO ZIMA kwenda KARIBU tumia Move, kutoka popote kwenda WACHEZAJI kata, kutoka WACHEZAJI kurudi kata. OBS yenyewe ina njia ya kuipa sini mpito wake, unaikuta ukibonyeza kulia juu ya jina la sini, ila ile inaangalia unakokwenda tu, haijali unakotoka. Kwako haitoshi.

#11 BabuWaMuscat

Assalaam alaykum vijana. Mimi niko Muscat, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja. Mechi zenu sikosi. Linki ya uzi huu nimetumiwa na mwanangu, nikasema niseme la moyoni.

Ijumaa iliyopita mlipoanza huko kusogeza, mashaallah picha imekuwa safi. Lakini mkivuta, safu ya nyuma inakatika. Mimi nitajuaje mchezaji akila kete zake zinaishia wapi kama nyuma sioni? Bao linachezwa kwa safu nne. Nyinyi mnanionyesha tatu na nusu.

#12 MtaaWaBao

Shikamoo mzee wangu. Tumekusikia, na umesema kweli. Nimerudia kutazama rekodi, safu ya nyuma ya anayekaa juu imekatwa katikati.

Mkuu fundi_mitambo, hapo vipi?

#13 fundi_mitambo

Shikamoo mzee. Kosa langu hilo. Nilihesabu upana nikasahau urefu.

Mashimo 200 kwa 200, safu nne ni pikseli 800. Turubai lina urefu wa 720. Mzee kaona kwa macho kile nilichotakiwa kukiona kwa kalamu.

Ili safu zote nne zibaki, mwisho wa kuvuta ni kama mara 1.33. Shimo linapata 177, safu nne zinakuwa 709, zinaingia kwa kubanana. Lakini hapo unakuwa umepunguza safu wima moja tu ya bao zima, faida yake ndogo. Mimi ningeacha kabisa hiyo ya katikati. Ama bao zima, ama uingie ndani kwelikweli ukahesabu nyumba. Na wakati umeingia ndani, bao zima dogo likae kwenye kona.

Halafu kuna jambo limenifurahisha nilipochora. Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji, na wachezaji wanatazamana. Kwa hiyo ukitazama kutoka juu, nyumba mbili zimeangukia kwenye safu wima ya nne na ya tano, zimepakana pale katikati. Huna haja ya KARIBU KUSHOTO na KARIBU KULIA. Sini moja iliyolenga katikati, imevutwa mara mbili, inakupa nyumba zote mbili na safu za mbele. Ni kweli hapo unazidi akiba ya 1.5, lakini kidogo. Bonyeza kulia juu ya kamera, kwenye namna ya kukuza chagua Lanczos, au Bicubic kama laptopu inalalamika.

#14 BabuWaMuscat

Marahaba. Hiyo ya kona mmefikiri vizuri.

#15 MtaaWaBao

Bao dogo la kona limenitoa jasho, naandika ili mwingine asihangaike.

Niliweka kamera ya juu mara mbili ndani ya sini moja, moja kubwa na moja ndogo. Kwanza: ile ndogo nikaikata kingo kwa filta, kumbe kubwa nayo ikakatika. Pili: Move ilichanganyikiwa. Siku ya majaribio bao kubwa lilijikunja likaingia kwenye kona, na lile dogo likapanda kuwa kubwa. Tulicheka mpaka tukasahau tunafanya kazi.

#16 dadaMhariri

Hahaha, poleni.

La kwanza: filta inakaa kwenye chanzo chenyewe, na chanzo ni kimoja, kwa hiyo kila kinapoonekana kinakatwa. Ukitaka kukata hapo ulipo tu, shikilia Alt kwenye kibodi huku unavuta ukingo wa picha kwa kipanya. Mkato huo unabaki kwenye sini hiyo hiyo.

La pili: Move inaoanisha kwa jina. Umeipa wawili wenye jina moja, itajuaje yupi ni yupi? Tengeneza sini mpya uiite BAO DOGO, ndani yake weka kamera ya juu. Kisha ndani ya KARIBU ongeza BAO DOGO kama chanzo, maana OBS inaruhusu sini kuwa ndani ya sini. Sasa majina ni mawili. Kubwa litaoanishwa na kubwa, na BAO DOGO kwa kuwa halimo kwenye sini nyingine litaingia kutoka pembeni. Upande wa kuingilia unauchagua mwenyewe.

#17 fundi_mitambo

Naongezea kwa herufi kubwa: SINI-NDANI-YA-SINI ITUMIE KWA LILE DOGO TU. Sini inapowekwa ndani ya nyingine inachorwa kwanza kwa ukubwa wa turubai, yaani 1280 kwa 720. Ukiivuta hiyo, unavuta picha iliyokwisha kubanwa, na ile akiba yote ya kamera inapotea. Kubwa liwe kamera yenyewe, moja kwa moja. Kwenye mafunzo mengi wanasema weka kila kamera kwenye sini yake ndipo uitumie. Kwa usafi wa mpangilio wako sahihi, kwa mtu anayevuta picha ni hasara.

#18 Mombasani_

Nimetazama rekodi yenu. Sina ugomvi tena na kusogeza, nimeelewa. Lakini mna vitu viwili nyinyi wenyewe hamvioni kwa sababu mmevizoea.

Kuna michirizi inapanda polepole kwenye picha. Hiyo ni taa. Umeme wetu huku Afrika Mashariki ni Hz 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera yenu naona iko kwenye fremu 30, haziendani. Ipeleke kwenye 25, shata iwe 1/50, na OBS nayo iwe 25. Kama kidude chenu kina 25 kwenye orodha yake, chagua hiyo hiyo. Kamera ya USB ina sehemu ya kuchagua kati ya 50 na 60, weka 50.

Cha pili: kila mkono unapopita juu ya bao, kamera inaukimbilia mkono, kete zinapoteza makali, kisha inarudi. Focus ya kujiendesha hiyo. Bao halihami, kamera haihami. Lenga kete mara moja, hamisha iwe ya mkono, usiguse tena mpaka mechi iishe. Mwanga nao ufunge, maana komwe zinang'aa, na kanzu nyeupe ikiinama juu ya bao kamera inalitia giza bao zima.

#19 LainiMbili

Kanzu nyeupe, hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nilidhani umeme umepungua.

#20 MtaaWaBao

Ripoti ya Ijumaa.

Michirizi hakuna. Focus imetulia. Mapacha hakuna. Bao dogo limekaa konani kama mwenyeji.

Lakini, na hapa ndipo nataka kulia, mwendo umekuwa wa kuruka ruka. Majaribio ulikuwa maji, mechi ulikuwa kokoto. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, labda intaneti?

#21 fundi_mitambo

Intaneti usiilaumu kabla ya kuiuliza OBS. Fungua dirisha la "Stats", usome namba tatu. Ya kwanza ni fremu zilizokosa kuchorwa: hiyo ni GPU, sehemu ya kompyuta inayochora picha, imezidiwa. Ya pili ni zilizorukwa na enkoda, inayobana video kabla ya kurushwa: hiyo ni prosesa au enkoda yenyewe. Ya tatu ni zilizodondoka njiani: hiyo tu ndiyo intaneti. Watu wanaona picha imekwama wanakimbilia kununua bando, kumbe mgonjwa ni mwingine. Na idadi ya watazamaji haina uhusiano, wewe unapeleka mkondo mmoja tu YouTube, kuugawa ni kazi yao.

Tuletee namba.

#22 MtaaWaBao

Ya kwanza imepanda sana, kila nikisogeza inaongezeka. Ya pili kidogo. Ya tatu sifuri.

#23 fundi_mitambo

Basi GPU. Siku ya mechi mlifungua nini ambacho siku ya majaribio hakikuwepo?

#24 MtaaWaBao

Kivinjari, nilikuwa natazama matangazo yetu wenyewe nisome maoni. Na Studio Mode, kuna kijana alisema ndivyo wanavyofanya wataalamu.

#25 fundi_mitambo

Umejijibu mkuu. Studio Mode inachora sini mbili kwa wakati mmoja, unayoiandaa na iliyo hewani. Kwa laptopu isiyo na kadi yake ya picha huo ni mzigo wa bure. Zima. Maoni yasomee kwenye simu. Fungua OBS kama msimamizi, Windows inaipa kipaumbele kwenye GPU. Enkoda badala ya x264 chagua QuickSync, iko ndani ya hiyo i5. Na ukishaanza kurusha unaweza kuzima hata picha ya kuangalilia ndani ya OBS, ukatazama kwenye simu tu, ila ujue simu inachelewa.

#26 dadaMhariri

Na kwa kuwa mmeshuka fremu 25, angalia muda wako. Kama bado uko 300 za mwanzo, safari nzima ina picha saba hivi, hata GPU ya milioni haitailainisha. Kwa 800 zinakuwa 20.

#27 MtaaWaBao

Niko 800 dada, nilikutii siku ile ile.

Swali la mwisho, la nani abonyeze. Mimi ndiye nakaa kwenye laptopu na kusema kweli kwenye bao ni mwanafunzi. Nikiona mchezo umenoga navuta, kumbe umeshapita.

#28 BabuWaMuscat

Mwanangu, mpe anayejua bao hicho kitufe. Mtu wa bao anaona mchezaji akinyoosha mkono tu anajua zinakwenda nyumbani au zitalala njiani. Wewe unangoja uone, ndiyo maana unachelewa.

#29 fundi_mitambo

Mzee kamaliza. Mitambo yake ni rahisi: tangu toleo la 28 la mwaka 2022, OBS ina mlango wake wa kuongozwa kutoka nje, WebSocket, kwa kawaida ni poti 4455. Uwashe, uweke nywila, simu iliyo kwenye WiFi hiyo hiyo itabadilisha sini. Programu za simu za kazi hiyo ziko kibao. Kama anayejua bao hapendi simu, nunua kibodi ndogo ya namba ya USB, kwenye mipangilio ya vitufe mpe 1 kwa BAO ZIMA, 2 kwa KARIBU, 3 kwa WACHEZAJI.

#30 MtaaWaBao

Tumechukua kibodi ya namba. Tumemkalisha mjomba, umri wake miaka 67, hajawahi kugusa kompyuta. Tumebandika karatasi juu ya vitufe vitatu. Kanuni amejitungia mwenyewe: kete zikiwa mkononi mwa mchezaji hagusi kitu, anabonyeza kabla hazijaokotwa au zikishalala. Vijana walitaka kumwekea na ile video ya kupita katikati ya sini, Stinger, yenye nembo yetu. Kasema iwekwe baina ya mechi na mechi tu, ikipita katikati ya mchezo anaondoka na kibodi yake.

Leo usiku tumerusha kwa muda wa saa mbili na nusu. Fremu zilizokosa kuchorwa ni chache mno, sikumbuki hata kuziangalia mara ya pili.

#31 BabuWaMuscat

Nimetazama yote. Sasa niulize: mechi ya pili, yule kijana wa kofia, nyumba yake ilikuwa na kete kumi na moja, nimezihesabu. Kaingia nyumbani, kwa nini kachagua safari, akazichota kete za nyumba na kuendelea? Angelala pale, zamu ya mwenzake hana mtaji, hana cha kula.

#32 LainiMbili

Mzee, kumi na mbili. Nilisimamisha video nikahesabu mara mbili.

#33 Mombasani_

Kumi na moja. Moja unayoiona ni kivuli cha kidole.

#34 BabuWaMuscat

Kumi na moja au kumi na mbili, safari ile ilikuwa ya nini?

#35 MtaaWaBao

Mjomba anasema na yeye angesafiri. Amekataa kueleza kwa nini, anasema njooni Ijumaa.